Mihadhara Iliyokatizwa: Cauchy na Ufundishaji wa Milinganyo Tofautishi

Mlinganyo tofautishi huhusisha kiasi fulani na kasi ya kubadilika kwake. Katika kozi nyingi za shahada ya kwanza, mwanafunzi hufundishwa kwanza mbinu za kuufumbua. Swali la iwapo ufumbuzi upo huja baadaye, au halijadiliwi kabisa. Makala haya yanaonesha kuwa mtengano huo una mizizi katika ubishi wa miaka ya 1820, na kwamba uthibitisho ulizaliwa kutokana na mbinu yenyewe.

Katika kitabu chake cha kalikulasi cha 1768–1770, Leonhard Euler alieleza namna ya kukadiria ufumbuzi kwa hatua ndogo ndogo zilizonyooka. Kwake, hiyo ilikuwa njia ya kukokotoa. Augustin-Louis Cauchy, profesa wa École Polytechnique jijini Paris, aliigeuza njia hiyohiyo kuwa uthibitisho: hatua zikifupishwa bila kikomo, na masharti fulani ya mwendelezo yakitimizwa, makadirio hukaribia ufumbuzi mmoja tu.

Masharti hayo si pambo. Maji yanapovuja kupitia tundu chini ya tangi, kasi ya kupungua kwa kina hulingana na kipeuo cha pili cha kina chenyewe. Kina kinapofika sifuri, masharti ya Cauchy huvunjika. Anayelikuta tangi likiwa tupu hawezi kujua maji yaliisha saa ngapi. Hali moja ya sasa hupatana na historia nyingi.

Hata hivyo, École Polytechnique, iliyoanzishwa mwaka 1794, iliandaa wahandisi na maofisa wa mizinga. Uongozi wake ulilalamika mara kadhaa kwamba Cauchy alizama mno katika nadharia na kuyapunja matumizi. Mihadhara yake 13 kuhusu milinganyo hiyo ilikwisha kupangwa chapa kufikia mwaka 1824, lakini kazi hiyo ilikatizwa. Baada ya Mapinduzi ya Julai 1830, Cauchy aliondoka Ufaransa, akapoteza nafasi yake kwa kukataa kumlia kiapo mfalme mpya. Uthibitisho wake ulienezwa na kitabu cha Moigno cha mwaka 1844. Mihadhara yenyewe ilichapishwa na Christian Gilain mwaka 1981. Kabla ya hapo, mwaka 1890, Giuseppe Peano alikuwa amethibitisha kuwa mwendelezo pekee hutosha ufumbuzi uwepo, ingawa hautoshi kuufanya uwe mmoja.

Madai ya uongozi yalikuwa na uzito: mhandisi hana budi kupata jibu. Lakini kompyuta ya leo hupiga hatua ndogo ndogo kama zile za Euler, nayo hutoa tarakimu hata pale ambapo ufumbuzi si mmoja. Anayefundishwa hatua bila uthibitisho hana kigezo cha kuzipima tarakimu hizo. Kwa hiyo, historia hii inaunga mkono kufundisha viwili hivyo katika somo moja, kama vilivyokuwa mikononi mwa Cauchy.