Mwaka wa 1871 katika Unyamwezi

Katika vitabu vingi vya historia mwaka wa 1871 ni mwaka wa watu wawili, Henry Morton Stanley na Daktari David Livingstone, waliokutana Ujiji mwezi wa Novemba. Habari hiyo imesimuliwa hata imechakaa. Kwa Wanyamwezi, lakini, mwaka huo ulikuwa na jambo kubwa kuliko salamu za wageni wawili: mtemi wa Uyowa aliifunga njia ya misafara na kuitia moto sehemu ya mji wa Tabora.

Mtemi huyo ni Mirambo, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Mtyela Kasanda. Nchi aliyoirithi ilikuwa ndogo, lakini ilikaa mahali pema, magharibi ya Unyanyembe, karibu na njia iendayo Ujiji. Kutoza hongo halikuwa jambo geni. Kila mtemi alitoza, na tajiri wa msafara aliihesabu hongo kama alivyoihesabu posho ya wapagazi wake. Lililowakasirisha matajiri wa Tabora ni zaidi ya hilo. Kama walivyomweleza Stanley, Mirambo aliusimamisha msafara uliokuwa ukienda Ujiji, akadai mapipa 5 ya baruti, bunduki 5 na robota 5 za nguo. Naye alipokwisha kulipwa, akauamuru urudi ulikotoka.

Mambo hayo yalikuwa na mzizi wa zamani. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alipokufa mwaka 1858, Mnywa Sele aliyemfuata alitaka bidhaa za Waarabu zilipiwe kodi. Waarabu wakamwondoa, wakamtawaza Mkasiwa, naye Mnywa Sele akapigana porini miaka kadhaa mpaka alipouawa mwaka 1865. Basi swali lililoulizwa kwa bunduki mwaka 1871 lilikuwa limekwisha kuulizwa mara moja: njia ni ya nani, ya mwenye nchi au ya mwenye mali? Wala asidhani msomaji kwamba vita hivi vilikuwa vya Waarabu upande mmoja na Wanyamwezi wote upande wa pili. Watu wa Mkasiwa walikuwa pamoja na Waarabu. Na katika jeshi la Mirambo walikuwamo ruga-ruga wa asili nyingi, pamoja na Watuta, ambao ni Wangoni.

Stanley alifika Kwihara, karibu na Tabora, mwezi wa Juni, akakuta baraza la vita limekwisha kuiva. Mwanzoni mwa Agosti likatoka jeshi la watu zaidi ya 2,000, naye akafuatana nalo pamoja na watu wake. Soud, mwana wa Said bin Majid, akapewa watu wapatao 500 kwenda kuipiga boma ya Wilyankuru. Waliitwaa upesi, wakajitwika pembe na kuwafunga mateka. Mirambo hakuwa amekimbia. Alijificha njiani kando ya nyasi, akangoja warudi na mizigo vichwani, kisha akawashukia. Soud akauawa. Habari ilipofika kambini, jeshi zima likavunjika. Kila mtu akaiokoa nafsi yake, na Stanley, aliyekuwa mgonjwa wa homa, karibu aachwe nyuma.

Tarehe 22 Agosti Mirambo akaja Tabora mwenyewe. Khamis bin Abdallah, aliyekuwa miongoni mwa watu mashuhuri wa mji, akatoka kumkabili na watu wachache. Watumwa wake wenye silaha wakamkimbia, akauawa pale pale pamoja na vijana aliowalea. Nyumba zikawaka moto. Huko Kwihara, Stanley alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe yake na kupandisha bendera ya Marekani. Shambulio alilolingoja halikuja. Mwezi uliofuata akaondoka kwa njia ya mzunguko wa kusini, maana ile iliyonyoka ilikuwa mkononi mwa Mirambo. Hata makutano ya Ujiji, basi, yalipangiwa njia na mtemi wa Uyowa.

Yafaa kumtazama vizuri shahidi huyu, maana mengi ya hapo juu yatoka kwake. Bendera ilikuwa ya Marekani, lakini yeye alizaliwa Denbigh, katika nchi ya Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Asili hiyo aliificha miaka mingi. Watu wa Wales nao walikuwa taifa dogo ubavuni mwa taifa kubwa. Huenda mwingine aliyetoka huko angaliyaelewa madai ya mwenye nchi ndogo. Stanley alikaa upande wa matajiri waliomkaribisha, ingawa alimfananisha Mirambo na Bonaparte.

Vita viliendelea miaka kadhaa baadaye, na askari walioletwa kutoka Unguja hawakumshinda Mirambo. Mji wa Tabora haukufa. Mtendeni ni mtaa wake mmoja, wenye jina la mti usio wa porini mwa Unyamwezi, na tembe ya Kwihara imewekwa kuwa makumbusho, ikiitwa kwa jina la Livingstone. Jina la Mirambo lilipewa kambi ya jeshi mjini humo.

Mwezi wa Aprili 1876 Stanley alikutana naye uso kwa uso huko Serombo. Alitazamia jambazi, akamwona mtu mtulivu, mpole wa maneno. Wakachanjiana damu, wakawa ndugu.