Hedifoni

Hedifoni (pia: vipokea sauti vya kichwani, spika za masikioni) ni jozi ya spika ndogo zinazovaliwa kichwani au kuingizwa masikioni ili sauti isikike na mvaaji peke yake. Zile ndogo zinazokaa ndani ya tundu la sikio huitwa iafoni, ingawa katika mazungumzo ya kila siku watu wengi hawatofautishi majina hayo. Hedifoni yenye kipaza sauti kwa ajili ya kuongea huitwa hedseti.

Makala hii inahusu jinsi zinavyofanya kazi na jinsi ya kuzichagua kwa ajili ya muziki na michezo ya video, pamoja na vifaa vya sauti vinavyokaribiana nazo, hasa sabufa. Mifano mingi inatoka mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania.

Historia

Hedifoni za kwanza zilitumiwa na wahudumu wa simu mwishoni mwa karne ya 19. Zilikuwa nzito na zilifunika sikio moja tu. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alitengeneza jikoni kwake hedifoni ya masikio mawili akaiuzia Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo. Kwa miaka mingi baadaye kifaa hiki kilitumiwa na wanajeshi, marubani na mafundi wa redio.

Matumizi ya muziki yalianza kwa kasi mwaka 1958, John C. Koss alipotoa hedifoni ya stirio, yaani yenye sauti tofauti kwa kila sikio. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, kicheza kaseti kidogo cha kubeba, na tangu hapo kijana kutembea barabarani na muziki wake likawa jambo la kawaida. Mwaka 2016 kampuni ya Apple iliondoa tundu la hedifoni katika simu yake ya iPhone 7, na watengenezaji wengine wengi wakafuata. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Afrika Mashariki bado zina tundu hilo la milimita 3.5.

Jinsi inavyofanya kazi

Ndani ya kila upande kuna sumaku, koili ya waya mwembamba na kiwambo chepesi. Umeme wa sauti ukipita katika koili, koili husukumwa na kuvutwa na sumaku, kiwambo hutikisika, na hewa iliyo mbele yake hubeba mtikisiko huo hadi sikioni. Spika kubwa ya ukumbini hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Tofauti ni ukubwa.

Sikio la kijana mwenye afya husikia mitikisiko kati ya 20 na 20,000 kwa sekunde (hezi 20 hadi 20,000). Karibu kila boksi la hedifoni huandikwa namba hizo, hata la bei ya chini kabisa, kwa hiyo hazimsaidii mnunuzi. Haziwi ushahidi kwamba sauti zote kati ya namba hizo hutoka kwa usawa.

Namba inayofaa kusomwa ni ukinzani, unaopimwa kwa ohmu. Hedifoni za ohmu 16 hadi 32 huendeshwa vizuri na simu. Zile za studio zinaweza kuwa na ohmu 250 au zaidi, na zikichomekwa kwenye simu hutoa sauti ndogo, kwa sababu simu haina volti za kutosha kuzisukuma. Zinahitaji kikuza sauti. Mtu anayenunua hedifoni ya studio iliyotumika, kwa kuwa imeuzwa rahisi, huenda akadhani ni mbovu kumbe simu yake ndiyo haiiwezi.

Aina na muziki

Hedifoni zilizofungwa nyuma huzuia kelele za nje na kuongeza nguvu ya besi. Zilizo wazi nyuma hupitisha hewa na kutoa sauti pana zaidi, lakini huvuja: aliyekaa karibu husikia kila kitu. Kwa basi, bweni au nyumba yenye watu wengi, zilizofungwa zinafaa zaidi. Iafoni zenye mpira huzuia kelele vizuri mradi mpira ulingane na tundu la sikio. Ukiwa mdogo mno besi hupotea, na watu wengi hulaumu kifaa kabla ya kujaribu mpira wa saizi nyingine uliomo ndani ya boksi.

Njia nzuri ya kujaribu hedifoni dukani ni kutumia wimbo ambao msikilizaji anaujua vizuri. Bongo fleva na singeli huonyesha haraka kama besi ina nguvu, lakini hazionyeshi vizuri kama sauti za kati ziko sawa. Kwa hilo muziki wa Wagogo, wanaoishi Dodoma na katika wilaya ya Manyoni mkoani Singida, ni kipimo kigumu zaidi. Ilimba yao huwa na matundu yaliyofunikwa kwa utando wa buibui, na utando huo huongeza mvumo mwembamba juu ya kila noti. Katika rekodi za Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefundisha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, mvumo huo unasikika wazi. Hedifoni iliyojazwa besi kupita kiasi huufunika, na ilimba hubaki kama kisanduku kinachogongwa. Kwa namna hiyohiyo, sauti nyingi zinazoimba pamoja hugeuka kuwa sauti moja nene.

Hedifoni zisizo na waya

Nyingi hutumia Bluetooth. Sauti hubanwa na simu, hurushwa kwa redio, kisha hufunguliwa na hedifoni. Mbinu ya kubana inayopatikana katika vifaa vyote ni SBC. Nyingine ni AAC, aptX na LDAC. Simu na hedifoni lazima zote mbili ziwe na mbinu ileile, vinginevyo hurudi kwenye SBC.

Kuna tatizo moja ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra. Kipaza sauti cha hedifoni ya Bluetooth kikiwashwa, mara nyingi kifaa huhamia kwenye hali ya simu, na muziki hushuka ubora mara moja na kuwa kama wa redio ya mbali. Mchezaji anayetaka kuongea na wenzake huku akisikia mchezo vizuri hukutana nalo siku ya kwanza.

Betri za iafoni zisizo na waya ni ndogo sana. Baada ya miaka miwili au mitatu ya kuchajiwa kila siku huhifadhi chaji kidogo, na kuzibadilisha ni kazi ambayo mafundi wengi hawaifanyi. Hedifoni yenye waya ikikatika kwenye pini, fundi redio wa sokoni huichomea upya.

Michezo ya video

Katika mabanda ya gemu, ambako vijana hucheza mpira kwenye PlayStation wakiwa wamekaa bega kwa bega, sauti ya televisheni inatosha na hedifoni haiongezi kitu. Hali ni tofauti kwa michezo ya kupigana inayochezwa kupitia intaneti, kama PUBG Mobile na Free Fire. Humo mchezaji huhitaji kujua hatua za adui zinatoka upande gani.

Binadamu hutambua upande wa sauti kwa tofauti ndogo kati ya masikio mawili. Sauti inayotoka kando kabisa hulifikia sikio la mbali ikiwa imechelewa kwa chini ya elfu moja ya sekunde, na ikiwa imepungua nguvu. Hedifoni ya kawaida ya stirio ina uwezo wa kubeba tofauti hizo, kwa sababu kazi ya kuzikokotoa hufanywa na mchezo wenyewe. Maandishi "7.1" kwenye boksi la hedseti ya bei ndogo mara nyingi humaanisha programu tu, si spika nyingi ndani. Muhimu zaidi ni kuvaa upande sahihi: L ni kushoto, R ni kulia. Ukikosea, adui wa kushoto atasikika kulia.

Ucheleweshaji ni suala zito zaidi. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 150 hadi 250. Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde hutoa picha mpya kila baada ya milisekunde 17 hivi, kwa hiyo ucheleweshaji wa milisekunde 200 ni sawa na picha 12: risasi imekwisha kupiga ndipo mlio unasikika. Katika filamu tatizo halionekani, kwa kuwa programu huweza kuisubirisha picha. Mchezo hauwezi, maana picha hutegemea vidole vya mchezaji. Waya hauna ucheleweshaji wa aina hiyo. Baadhi ya hedseti zisizo na waya huja na kipokezi kidogo cha USB kinachotumia redio ya gigahezi 2.4 bila Bluetooth, na hizo huchelewa kidogo tu, lakini bei yake ni kubwa. Kwa mwanafunzi mwenye fedha kidogo, iafoni ya waya huishinda hedseti ya Bluetooth ya bei mara tatu.

Kabla ya kununua hedseti ya kompyuta ni vizuri kuangalia pini. Yenye pete tatu nyeusi hubeba sauti na kipaza sauti pamoja, kama ya simu. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili, na zinahitaji kigawanyio. Kidhibiti cha PlayStation 4 kina tundu la milimita 3.5, cha PlayStation 3 hakina.

Sabufa

Sabufa ni seti ya spika yenye boksi kubwa la besi na spika ndogo mbili au zaidi, kwa kawaida pamoja na redio, tundu la USB na Bluetooth. Nchini Tanzania huonekana majumbani, katika saluni na madukani.

Wanunuzi hudanganywa zaidi katika wati. Boksi lenye "wati 10,000 PMPO" halisemi lolote la maana, kwani PMPO ni kilele cha kinadharia ambacho kila mtengenezaji hukihesabu anavyotaka. Kipimo cha kweli ni wati za RMS, yaani nguvu inayoweza kutolewa mfululizo. Zikikosekana, mnunuzi ageuze kifaa na kusoma bamba la nyuma: kifaa kinachovuta wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa hata wati 60 za sauti kwa mfululizo.

Namba hiyo ni muhimu pia kwa wanaotumia umeme wa jua, kama ilivyo katika vijiji vingi vya mkoa wa Singida. Betri ya volti 12 na ampia-saa 100 ina takriban wati-saa 1,200, na betri ya risasi na asidi haipaswi kumalizwa zaidi ya nusu. Zilizobaki, 600, huendesha sabufa ya wati 40 kwa saa zipatazo 15, pungufu kidogo ikiwa kuna inveta. Sabufa inayopokea volti 12 moja kwa moja huepuka hasara ya inveta.

Ununuzi na bidhaa bandia

Mji wa Singida uko takriban kilomita 700 kutoka Dar es Salaam, ambako soko la Kariakoo hugawa vifaa vya elektroniki nchini. Kurudisha kifaa kibovu kilichoagizwa kwa basi hugharimu nauli ya mzigo na siku kadhaa, hivyo kukijaribu mbele ya muuzaji na kudai risiti kuna faida kuliko kuokoa shilingi elfu chache. Bidhaa zinazoigiza nembo maarufu zinazuiwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Iafoni inayofanana na ya Apple na kuuzwa kwa bei ya chipsi kuku si ya Apple. Huenda hata hivyo ikapiga muziki vizuri, na tatizo lake kubwa ni betri na chaja isiyojulikana ubora.

Madhara kwa masikio

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 wamo hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda salama kwa nusu: desibeli 83 saa 20, desibeli 86 saa 10, desibeli 89 saa 5.

Sauti kubwa huua seli zenye vinyweleo ndani ya sikio, na kwa binadamu seli hizo hazioti tena. Dalili ya mwanzo ni mlio masikioni baada ya kuvua hedifoni. Mlio ukiisha asubuhi, mtu hudhani amepona, kumbe baadhi ya seli huenda zimekwisha kufa. Sababu kubwa ya kuongeza sauti ni kelele za nje, kama ngurumo ya basi au mashine ya kusaga. Ndiyo maana iafoni inayoziba vizuri ni salama zaidi kuliko inayolegea. Kwa mwendesha bodaboda na mtembea kwa miguu barabarani ni kinyume: kuziba masikio ni kutosikia honi.

Usikivu ulioharibika kwa kelele haurudi kwa dawa. Vifaa vya kusaidia kusikia hukuza sauti iliyobaki. Kwa waliopoteza usikivu karibu wote kuna upandikizaji wa kifaa ndani ya sikio, ambao Hospitali ya Taifa Muhimbili iliuanza mwaka 2017.

Utunzaji

Singida ni eneo kame lenye upepo mkali, na wakati wa kiangazi vumbi huziba nyavu za iafoni pamoja na nta ya masikio. Upande mmoja ukipungua sauti, mara nyingi sababu ni wavu ulioziba. Husafishwa kwa mswaki mkavu huku tundu likielekezwa chini. Sindano hutoboa kiwambo. Waya usizungushwe kwa nguvu kuzunguka simu, kwani hukatika karibu na pini. Mpira wa iafoni uoshwe kwa sabuni na kukaushwa, na usichangiwe na mtu mwenye maambukizi ya sikio.