Uwanja wa Michezo na Imani ya Raia

Penye wengi pana mengi, ndivyo walivyonena wahenga. Na katika mji hakuna mahali panapokusanya watu wengi kuliko uwanja wa michezo. Kwa sababu hiyo, swali la uwanja ujengwe wapi, katika ardhi ya nani na kwa amri ya nani, halijapata kuwa swali la wachezaji peke yao. Ni swali la utawala. Raia hutazama jinsi lilivyoamuliwa, kisha huamua kimoyomoyo kama neno la serikali ni la kuaminiwa. Na kwa kuwa mtu wa kwanza kuonekana langoni ni askari, hukumu hiyo humwangukia yeye kabla ya mwingine yeyote.

Mji wa Gisenyi, ulio wilaya ya Rubavu magharibi mwa Rwanda, unatoa mfano unaofaa kufikiriwa. Mji huo uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, umepakana na Goma ya Kongo kiasi kwamba watu huvuka mpaka kwa miguu. Uwanja wake wa mpira huitwa Umuganda. Kwa Kinyarwanda neno hilo ni kazi ya pamoja, kama vile majirani wanavyosaidiana kujenga nyumba au kulima shamba la mgonjwa. Historia ya neno hilo inaonyesha jinsi imani ya raia inavyojengwa, inavyovunjwa na inavyorudishwa kwa taabu.

Serikali ya Juvénal Habyarimana, iliyoshika madaraka kwa mapinduzi ya Julai 1973, iliufanya umuganda kuwa wajibu wa kila raia tangu mwaka 1974. Barabara zilichimbwa, shule zilijengwa, makinga-maji yalitengenezwa milimani. Hayo yalikuwa na manufaa. Lakini raia alitakiwa kutoa jasho bila kuulizwa jasho hilo liende wapi. Wakati huo huo, mikoa ya kaskazini, yaani Gisenyi alikotoka rais na Ruhengeri jirani yake, ilipata upendeleo mkubwa katika vyeo vya serikali na vya jeshi na katika miradi ya maendeleo. Watu wa Butare na Gitarama wakanung'unika. Manung'uniko yao hayakuwa wivu mtupu, kwani waliona kwamba mahali pa mradi paliamuliwa na kwao na mkubwa, si na haja ya wananchi. Hata Gisenyi kwenyewe mkulima wa kawaida hakuneemeka, kwa maana matunda yalibaki mikononi mwa wachache waliokuwa karibu na ikulu. Hivyo upendeleo uliwachukiza walionyimwa, na haukuwashibisha waliodhaniwa kupewa.

Mwaka 1994 imani iliyokuwa imelegea ilikatwa kabisa. Wapangaji wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi waliligeuza hata neno la kazi. Kuua kukaitwa kufanya kazi. Kusini mwa Gisenyi, katika mji wa Kibuye ulio kando ya ziwa hilo hilo, kulikuwa na uwanja ulioitwa Gatwaro. Watu waliokuwa wakikimbia mauaji walielekezwa huko na wakuu wao, wakiambiwa kwamba watalindwa. Walikwenda kwa sababu waliamini. Askari wa jandarmeri, yaani polisi wa kijeshi wa wakati ule, waliuzunguka uwanja, wala hawakuuzunguka kwa ulinzi. Tarehe 18 Aprili 1994 maelfu walishambuliwa humo kwa risasi, kwa mabomu ya kutupa na kwa mapanga. Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani mkuu wa mkoa huo, Clément Kayishema, mwezi Mei 1999, na kumhukumu kifungo cha maisha.

Katika siku hizo hizo uwanja mwingine ulikuwa na habari tofauti. Uwanja wa Amahoro wa Kigali, ambao jina lake ni amani, ulijaa maelfu ya wakimbizi waliojiweka chini ya askari wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama liliamua kupunguza jeshi hilo hadi askari 270, na chakula na maji vilikuwa haba. Mabomu yaliangukia humo na kuua baadhi ya watu. Hata hivyo, askari waliobaki, wakiwamo wa Ghana, hawakuliacha lango, na maelfu wakaokoka. Viwanja vyote viwili vilikuwa na nyasi na majukwaa. Tofauti yao ilikuwa nia ya waliovaa sare.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baada ya mambo kama hayo, mzozo wowote juu ya kiwanja hubeba uzito usioonekana katika ramani ya mhandisi. Gatwaro haukubaki uwanja wa michezo; ardhi yake ilitwaliwa kwa upanuzi wa hospitali ya Kibuye, na ukumbusho wa waliouawa uko hapo. Vijana wa mji huo wana haki ya kutaka pa kuchezea, na wafiwa wana haki ya kutaka wafu wao waheshimiwe. Haki hizo mbili hazipatanishwi kwa amri, bali kwa mazungumzo.

Wala mizozo ya namna hii si ya Rwanda peke yake. Uwanja wa Nakivubo mjini Kampala, uliofunguliwa mwaka 1926, ulibeba jina la kumbukumbu ya askari waliokufa vitani. Uko katikati ya biashara za mji, na kwa miaka mingi watu walibishana kama ardhi yake ni ya umma au ni ya maduka. Ulibomolewa mwaka 2017, ukajengwa upya na mfanyabiashara binafsi, ukafunguliwa tena mwaka 2024. Uzuri wa majengo ulionekana na wote, lakini haukutosha kulizima swali la raia: ni nani aliyeulizwa?

Gisenyi nao ulipitia jaribio lake. Katika miaka ya 1997 na 1998 waasi waliovuka kutoka Kongo walipigana na jeshi kaskazini-magharibi mwa Rwanda. Raia walikuwa katikati, wakishukiwa na pande zote mbili na kufa kwa mikono ya pande zote mbili. Askari hakumwamini mkulima, na mkulima alimwogopa askari. Silaha peke yake haikumaliza hali ile. Ilibidi pia kuwe na mikutano ya hadhara, na wananchi walinde vijiji vyao pamoja na jeshi. Umuganda nao ulirudishwa, ukawekewa sheria mwaka 2007, nao hufanywa Jumamosi ya mwisho ya mwezi.

Mwezi Januari 2016 uwanja wa Umuganda, uliokuwa umekarabatiwa, ulipokea mechi za mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Zambia, Mali, Uganda na Zimbabwe zilicheza hapo, na Mali ikafika fainali, ambako ilishindwa na Kongo mabao 3 kwa 0. Katika ligi ya nchi, uwanja huo ndio nyumbani kwa timu mbili: Etincelles, ambayo ni timu ya mji, na Marines, ambayo ni timu ya jeshi. Mji uliokuwa umegawanyika kati ya sare na kanzu umepata kuwaona askari na raia wakishindania mpira, na mshindwa akaenda nyumbani salama.

Jambo hilo si dogo, lakini linaweza kupotezwa. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2015 inataka mwenye ardhi inayotwaliwa kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki kabla ya kuhama. Askari anapotumwa kusimamia upimaji wa kiwanja, anamwakilisha mwenye kutekeleza sheria hiyo. Akimsukuma mjane kabla hajalipwa, au akimpitisha langoni mwenye cheo asiye na tiketi huku akimpiga mchukuzi mwenye tiketi, basi amevunja kilichojengwa kwa miaka mingi. Akisimama imara katika haki, raia atamkumbuka. Na siku ya hatari, serikali itakapomwambia kwamba uwanjani kuna usalama, atakwenda bila hofu, na atakuwa salama.