Miaka 35 ya Kumsubiri Daktari Mwanamke

Mwaka 1924 mafunzo ya utabibu ya Makerere yalianza katika hospitali ya Mulago, Kampala. Kwa miongo iliyofuata huko ndiko walikokwenda vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar waliotaka kuwa madaktari. Walikuwa wanaume. Ilipita miaka 35 kabla mwanamke Mwafrika wa ukanda huu hajahitimu udaktari hapo. Mwanamke huyo ni Josephine Nambooze wa Uganda, na mwaka ulikuwa 1959.

Si kwamba wanawake walikuwa wageni katika tiba. Vijijini uzazi ulikuwa zaidi mikononi mwa wakunga wa jadi. Hospitali za misheni nazo ziliwahitaji mabinti, ila kwa kazi maalumu: kule Mengo, Kampala, Katharine Cook, nesi kutoka Uingereza, alikuwa ameanzisha shule ya wakunga hata kabla Mulago haijaanza kufundisha matabibu. Binti aliruhusiwa kujifunza kuzalisha. Kupima ugonjwa, kuandika dawa na kushika kisu cha upasuaji ilihesabiwa kuwa kazi ya kaka yake.

Makerere yenyewe haikupokea wanawake hadi mwaka 1945, nao walikuwa sita tu. Hadi wakati huo kaulimbiu ya chuo ilikuwa ikiwahimiza wanafunzi wawe wanaume; walipoingia hao sita ikabidi ibadilishwe, chuo kikaanza kusema kinajenga kwa ajili ya siku zijazo.

Lakini kaulimbiu mpya haikumtoa daktari mwanamke siku ya pili yake. Kizuizi kikubwa kilikuwa nyuma zaidi, kwenye sekondari. Aliyetaka udaktari alihitaji fizikia, kemia na baiolojia, na masomo hayo yalitaka maabara na mwalimu. Kenya inaonyesha pengo hilo waziwazi: shule ya Alliance ya wavulana ilifunguliwa 1926, ile ya wasichana 1948. Miaka 22! Katika muda huo, mabinti wangapi wenye akili ya udaktari waliishia kwenye darasa la kushona na kupika? Hakuna aliyewahesabu.

Nambooze alipita kwenye tundu hilo la sindano. Baadaye alijikita katika afya ya jamii na kurudi kufundisha Makerere, mahali pale pale palipochelewa kumpokea.

Daktari mwanamke wa kwanza wa Kenya alifuata njia nyingine. Ng'endo Mwangi alihitimu chuo cha wanawake cha Smith, Massachusetts, mwaka 1961, akaendelea na udaktari katika chuo cha Albert Einstein, New York. Angeweza kubaki Marekani. Alirudi, akafungua kliniki Athi River na kuwatibu Wamasai ambao hospitali kubwa zilikuwa mbali nao. Kituo cha utamaduni pale Smith kina jina lake hadi leo. Inauma kuwa wanafunzi wa Massachusetts huenda wanalisikia jina hilo mara nyingi kuliko wale wa Athi River.

Tanzania ilimpata wake kutoka kambi ya Mashariki. Dar es Salaam ilianza kufundisha madaktari mwaka 1963, lakini Esther Mwaikambo alisomea Moscow, katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, ambako mwanafunzi mgeni alitakiwa kwanza ajue Kirusi ndipo afundishwe tiba. Alihitimu mwaka 1969, akawa bingwa wa magonjwa ya watoto. Mwaka 1987 yeye na wenzake walianzisha MEWATA, Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, ambacho baadaye kiliendesha kampeni za kuwapima wanawake saratani ya matiti.

Kampala, New York, Moscow: ndani ya miaka kumi hivi nchi tatu jirani zilipata madaktari wao wa kwanza wanawake kwa njia tatu tofauti. Wawili kati yao walivuka bahari. Uwezo ulikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni nafasi, na nafasi hiyo ilizuiwa na watu.

Leo wanawake wamejaa katika vyuo vya tiba vya Afrika Mashariki, ingawa daktari wa kike akipita wodini bado huenda akaitwa “sista”. Waandishi wa vitabu vya kiada waingize majina haya matatu katika masomo ya historia, na wakuu wa elimu wahakikishe kila shule ya kata ina maabara ambayo msichana anaweza kuitumia.