Unene wa Karagwe na Chanzo cha Bulimia

Katika ufalme wa Karagwe, magharibi ya Ziwa Viktoria, unene wa mwanamke wa nyumba ya kifalme ulikuwa fahari ya ukoo mzima. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika kwa mukama (mfalme) Rumanika mwezi Novemba 1861, alikuta wake wa wakubwa wamenenepeshwa kwa maziwa hata hawawezi kusimama wima. Alimpima shemeji mmoja wa mfalme: mkono ulikuwa na mzunguko wa sentimita 58 hivi, na paja sentimita 79. Pembeni alikaa binti wa mama huyo, mwenye umri wa miaka 16, akinywa maziwa bila kupumzika, naye baba yake ameshika fimbo.

Ng'ombe ndio waliokuwa mali. Familia iliyoweza kumnywesha binti maziwa kutwa, bila kumtuma kazi yoyote, ilitangaza ukubwa wa zizi lake. Kwa Wahima, wafugaji wa Ankole, jirani na Karagwe, mabinti nao waliandaliwa hivyo kabla ya kuolewa. John Roscoe, mmisionari aliyeandika juu ya Wanyankole mwaka 1923, anaeleza kuwa maandalizi yalianza msichana akiwa bado mtoto. Desturi hii ilitegemea mifugo, na sotoka iliyofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliipiga pabaya.

Fimbo ya baba yule haifai kupitwa haraka. Inaonyesha kwamba mwili wa msichana ulikuwa mali ya macho ya watu, na tumbo lake halikuulizwa lolote. Hata hivyo, kinachoelezwa pale si bulimia. Binti wa Karagwe alishibishwa hadharani, na alisifiwa kwa kunenepa. Mgonjwa wa bulimia hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, mara nyingi kwa siri, akihisi ameshindwa kujizuia. Kisha hujitapisha, hunywa dawa za kuharisha, hufunga kula au hufanya mazoezi ya kupindukia, kwa sababu anauogopa unene. Gerald Russell, daktari wa akili wa London, ndiye aliyeupa ugonjwa huo jina la bulimia nervosa mwaka 1979, baada ya kuchunguza wagonjwa 30, wanawake 28 na wanaume 2.

Hakuna sababu moja inayotosha kuueleza ugonjwa huu. Kurithi kuna sehemu yake, kama uchunguzi wa mapacha ulivyoonyesha. Sonona, wasiwasi, kujidharau, kutaniwa kwa ajili ya umbo na kudhulumiwa utotoni, hasa kingono, huongeza hatari. Wanaoathirika zaidi ni wasichana wa umri wa kubalehe na wanawake vijana, na vilevile wacheza dansi, wanamitindo na wanariadha ambao uzito wao hupimwa kila mara.

Lakini chanzo kinachopuuzwa kuliko vyote ni njaa ya kujitakia. Huko Minnesota, Marekani, vijana 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita mwaka 1945. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula kupita kiasi wasiweze kuacha. Kwa hiyo anayejinyima ili akonde hujiandalia mwenyewe ulafi anaouogopa, na kumwita mlafi ni kumwonea.

Hamu ya kukonda nayo hufundishwa. Visiwani Fiji, ambako mwili mnene ulisifiwa tangu zamani, televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo, asipate hata mmoja aliyekuwa akijitapisha ili apungue. Mwaka 1998, kundi jingine la wasichana wa shule lilikuwa na asilimia 11.3 waliofanya hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wasichana na wanawake wa Tanzania nao ulikuta dalili za matatizo ya ulaji, zikiambatana na kuzoea vyombo vya habari vya nchi za Magharibi. Dhana kwamba maradhi haya ni ya Wazungu imepitwa na wakati, nayo inawachelewesha wagonjwa.

Msichana anayejitapisha baada ya kula apelekwe kwa daktari mapema, bila kuaibishwa. Kutapika mara kwa mara hupunguza madini ya potasiamu mwilini, na upungufu huo unaweza kusimamisha moyo.