Chupa ya Kale na Tarehe Zake Mbili

Mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, mbele ya chupa iliyofukuliwa ardhini, macho huhitaji kufunzwa pa kuanzia. Wengi hukimbilia rangi na mdomo. Mjuzi huipindua, akatazama kitako.

Kabla ya mashine, chupa ilipata umbo kwa pumzi ya binadamu. Fundi alichovya bomba la chuma katika kioo kilichoyeyuka, akapuliza. Kisha kitako kikagandishwa kwenye ufito wa chuma ili mdomo upate kumalizwa. Ufito ulipobanduliwa uliacha kovu likwaruzalo kidole. Katikati ya karne ya 19 mafundi wa Uingereza na Marekani walianza kuishika chupa kwa kibanio badala ya ufito, na kovu likaadimika. Mwaka 1904 Michael Owens wa Toledo, Marekani, alipata hataza ya mashine iliyounda chupa pasipo pumzi ya mtu. Hiyo nayo iliacha alama yake: duara kitakoni, aghalabu limekaa upande, si katikati.

Ipo kanuni ipendwayo na wengi, kwamba mshono wa kalibu ukipanda hadi mdomoni chupa ni ya mashine, na usipoonekana kabisa chupa ni ya zamani sana. Sehemu ya kwanza husaidia. Ya pili hupotosha. Chupa nyingi za mvinyo za mwishoni mwa karne ya 19 zilizungushwa ndani ya kalibu kabla hazijapoa, na mshono ukafutika. Hivyo isiyo na mshono yaweza kuwa changa kuliko yenye mshono.

Umbo nalo lina mipaka yake. Mwaka 1872 Mwingereza Hiram Codd alipata hataza ya chupa ya soda iliyozibwa kwa gololi ya kioo, ikisukumwa na gesi dhidi ya pete ya mpira shingoni. Watoto walizivunja chupa hizo wapate gololi, na ndiyo sababu mojawapo ya nzima kuwa adimu. Lakini Japani chupa za namna hiyo zingali zikiuzwa hadi leo. Kwa hiyo hataza hutaja mwaka ambao chupa haiwezi kuutangulia. Haitaji mwaka wa kuzaliwa kwake.

Na hata kuzaliwa ni nusu ya habari. Katika nyumba za pwani, chupa iliyokwisha kinywaji haikutupwa. Ilisafishwa ikatiwa mafuta ya nazi, asali au mafuta ya taa, ikatumika miaka na miaka. Kila chupa, basi, ina tarehe mbili: ya kutoka tanuuni na ya kuingia ardhini. Ya kwanza imeandikwa mwilini mwake. Ya pili imeandikwa katika udongo unaoizunguka: tabaka ililolalia, kigae cha chungu kilicho ubavuni pake, sarafu iliyo chini yake.

Ndipo ionekanapo hasara ya aichimbuaye chupa kwa pupa ili aiuze. Huondoka na chombo kizima, kisichopungua hata ukucha, ilhali amekwisha kuivunja ile tarehe ya pili. Kioo kikivunjika chaweza kuungwa. Udongo ukishavurugwa haurudi ulivyokuwa.