Kifafa Mahenge: dawa ya 1912 na safari ya nusu karne

Makovu ya moto yalikuwa mengi kwa wagonjwa wa kifafa aliokutana nao daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipofanya kazi Mahenge, kwenye milima ya Ulanga mkoani Morogoro. Mtu aliketi karibu na mafiga, akaanguka kifafa, akaangukia motoni. Waliokuwepo hawakumvuta, walikimbia.

Hawakukimbia kwa ukatili. Miongoni mwa Wapogoro iliaminika kuwa mate, mkojo, hata hewa inayomtoka mgonjwa akiwa ameanguka huambukiza. Ndiyo maana nyumbani alitengewa bakuli lake, na wengine walijengewa kibanda pembeni. Hofu hiyo imejikita hata kwenye lugha yetu. Ukilisikiliza neno kifafa, utasikia kufa ndani yake. Degedege nalo wazee walilihusisha na ndege wa kishetani anayempitia mtoto.

Si Waafrika pekee waliouhusisha ugonjwa huu na nguvu zisizo za kawaida. Wagiriki wa kale waliuita ugonjwa mtakatifu, wakiamini unatoka kwa miungu. Takriban miaka 400 kabla ya Kristo, waandishi wa shule ya tiba ya Hippocrates walipinga: ugonjwa huu chanzo chake ni ubongo, na hauna utakatifu kuliko maradhi mengine. Walikuwa sahihi kuhusu mahali, lakini hawakujua kinachotokea humo.

Jibu, yaani umeme, lilikuja polepole. Mwaka 1791 Mwitaliano Luigi Galvani alichapisha majaribio yake kuhusu miguu ya chura iliyorukaruka ilipoguswa na umeme. Katika miaka ya 1870 daktari Mwingereza John Hughlings Jackson alieleza kuwa kifafa ni mlipuko wa ghafla wa nguvu katika sehemu ya ubongo. Mwaka 1924 Mjerumani Hans Berger akafanikiwa kunasa umeme wa ubongo wa binadamu kutoka kichwani.

Fikiria Kariakoo asubuhi. Huyu anataja bei, yule anaita kuli, mwingine anabishana na mteja. Kelele tupu, lakini kila mtu yuko kwenye shughuli yake. Ndivyo ubongo ulivyo. Seli zake za neva zipatazo bilioni 86 hupeana habari kwa umeme mdogo unaotokana na chembe za sodiamu na potasiamu zinazoingia na kutoka, kisha kwa kemikali zinazovuka upenyo kati ya seli na seli. Baadhi ya kemikali hizo huchochea, nyingine hushika breki. Breki zikizidiwa, ni kama soko zima kupiga ukelele mmoja kwa pamoja. Ukelele huo hushuka kupitia uti wa mgongo na mishipa ya fahamu, misuli ikakakamaa, mwili ukatetemeka.

Dawa ya kuimarisha breki iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1912 daktari kijana wa Ujerumani, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wa kifafa fenobabitoni, iliyokuwa dawa ya usingizi, ili watulie usiku. Akaona wanaanguka mara chache zaidi.

Mwaka huo huo bendera ya Ujerumani ilikuwa ikipepea kwenye boma la Mahenge, lile lililoshambuliwa na wapiganaji wa Maji Maji mwaka 1905. Watawala walikuwepo, dawa ya nchi yao haikuwafuata. Ilipita karibu nusu karne hadi Jilek-Aall alipofungua kliniki ya kifafa huko, mwaka 1960, na kuanza kuwagawia wagonjwa vidonge hivyo vya bei nafuu.

Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilayani Ulanga, ukachapishwa mwaka 1992, ulikuta wagonjwa wapatao 10 katika kila watu 1,000. Jilek-Aall alikuwa pia ameeleza watoto wanaotikisa kichwa kama wanaosinzia, aina ya kifafa ambayo baadaye ilionekana Uganda na Sudan Kusini. Watafiti wameihusisha na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Huenda basi kutibu usubi kukawa njia mojawapo ya kuzuia kifafa kabla hakijaanza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wanaishi na kifafa, na hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba. Lakini huduma ya kwanza haihitaji kidonge. Msogeze mgonjwa mbali na moto na maji, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na tazama saa: zikipita dakika tano, mpeleke hospitali. Mate yake hayaambukizi. Yule wa kwenye mafiga, kabla ya dawa ya Hauptmann, alihitaji mtu wa kumvuta.